Klachi na Flaiwili ya Gari la Misuli: Uchaguzi kwa Hesabu na kwa Matumizi

Magari yanayoitwa ya misuli ni kundi la magari ya Kimarekani lililopata umaarufu baada ya Pontiac kutoa GTO mwaka 1964, gari la ukubwa wa kati lililopachikwa injini kubwa yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, likafuatwa na mengine kama Chevrolet Chevelle na Camaro, Dodge Charger na Challenger, pamoja na matoleo makali ya Ford Mustang. Magari hayo yangali yanafufuliwa na kuongezwa nguvu katika gereji za Marekani kwenyewe na za nchi nyingine, zikiwemo za Ghuba. Mwenye gari la namna hiyo, akishabadilisha kemshafti, kabureta na mfumo wa moshi, hukutana haraka na swali la klachi gani na flaiwili gani zitaweza kuipokea nguvu mpya. Jibu analopewa dukani kwa kawaida ni la hatua: klachi ya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea, kana kwamba kila hatua ni bora kuliko iliyoitangulia. Hatua hizo hazina kipimo kinachowafunga watengenezaji wote, kwa hiyo hatua ya tatu ya mmoja yaweza kuwa dhaifu kuliko ya pili ya mwingine, na mnunuzi anayezifuata peke yake hana hakika ya anachokinunua. Njia iliyo salama zaidi ni kutafuta klachi inayozidi kwa kiasi msokoto halisi wa injini, kisha kuilinganisha pamoja na flaiwili yake na uzito wa gari, uwiano wa gia, tairi, na mahali gari litakapoendeshwa.

Msokoto ni nguvu ya kuzungusha shafti, nao hupimwa kwa newtoni-mita, au kwa pauni-futi katika vitabu vya Kimarekani, ambapo pauni-futi moja ni sawa na newtoni-mita 1.36 hivi. Msokoto huo hutoka kwenye krenkshafti na kuingia katika flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma linalofungwa kwa boliti nyuma ya krenkshafti, ambalo huhifadhi mwendo wa kuzunguka na pia huwa uso mmoja wa kusuguana na klachi. Mbele ya uso huo hukaa klachi pleti, bamba la duara lenye bitana za msuguano pande zote mbili, ambalo kitovu chake chenye meno huingia katika shafti ya giaboksi. Juu yake huja presha pleti, ambayo kwa springi zake huibana klachi pleti dhidi ya flaiwili mpaka vyote vitatu vizunguke kama kitu kimoja. Dereva anapokanyaga pedali, rilizi bering husukuma vidole vya presha pleti, mbano hulegea, na injini hutengana na giaboksi.

Uwezo wa klachi hutokana na mambo manne tu, nayo ni idadi ya nyuso zinazosuguana, kizigeu cha msuguano cha bitana, kani ya mbano wa presha pleti, na wastani wa nusukipenyo ambako msuguano hufanyika. Ukizidisha manne hayo hupatikana msokoto ambao klachi inaweza kuubeba kabla ya kuteleza. Klachi ya kawaida yenye pleti moja ina nyuso mbili. Ikiwa bitana zake zina kizigeu cha 0.3, mbano wake ni newtoni 10,000, na kipenyo chake ni inchi 11, ambacho huipa wastani wa nusukipenyo wa mita 0.112 hivi, uwezo wake utakuwa newtoni-mita 672. Hesabu hii fupi yafaa kufanywa kabla ya kununua chochote, kwa sababu huonyesha kwamba njia za kuongeza uwezo ni chache na kwamba kila njia ina gharama yake: mbano ukiongezwa pedali huwa nzito, kizigeu kikipandishwa kwa bitana kali gari huanza kuruka linapoondoka, kipenyo kikipanuliwa huhitajika flaiwili kubwa na nafasi ya kuiweka, na nyuso zikiongezwa huongezeka bei pamoja na ugumu wa ufungaji.

Upande wa pili wa hesabu ni msokoto wa injini, na hapa ndipo wengi hujipotosha. Kwanza, klachi haijali nguvu za farasi. Hujali msokoto, na injini mbili zenye nguvu za farasi zinazolingana zinaweza kutofautiana sana kwa msokoto, hasa moja ikiwa kubwa na ya mwendo wa chini na nyingine ikiwa ndogo na ya mzunguko wa kasi. Pili, takwimu zilizochapishwa katika zama za dhahabu za magari haya zilipimwa injini ikiwa imewekwa peke yake kwenye benchi, bila mfumo kamili wa moshi wala vifaa vinavyoendeshwa na mikanda. Watengenezaji wa Marekani walihamia kipimo cha injini iliyovikwa vifaa vyake vyote kuanzia magari ya mwaka 1972, na takwimu zikashuka ghafla hata pale ambapo injini haikubadilika sana. Chevelle SS ya mwaka 1970 yenye injini ya LS6 ya inchi za ujazo 454 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450 na msokoto wa pauni-futi 500, yaani newtoni-mita 678, na takwimu hizo ni za kipimo kile cha zamani. Kipimo cha mashine yenye roli zinazozungushwa na magurudumu nacho huonyesha kilichobaki baada ya giaboksi na difu kula sehemu yao, hivyo anayekitumia lazima aongeze kiasi hicho kabla ya kulinganisha na uwezo wa klachi.

Msokoto halisi ukishajulikana, klachi yapaswa kuuzidi kwa robo hadi theluthi moja. Ziada hiyo huhitajika kwa sababu bitana hupoteza sehemu ya msuguano wake zinapopata joto, na kwa sababu gari linapobadilishwa gia kwa ghafla klachi hupokea, pamoja na msokoto wa injini, nishati iliyohifadhiwa katika flaiwili. Kuvuka kiwango hicho kwa mbali, hata hivyo, ni kosa la gharama kubwa. Klachi isiyoteleza kabisa huupeleka mshtuko mzima kwenye giaboksi, kwenye viungio vya propela shafti, kwenye difu na kwenye shafti za magurudumu, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho huvunjika. Tairi za barabarani hulisamehe kosa hilo kwa sababu huanza kuteleza mapema. Tairi laini za mashindano hazilisamehe. Madhara mengine hayaonekani haraka: kila pedali inapokanyagwa, krenkshafti husukumwa mbele na bering yake ya kuzuia msukumo huo hubeba mzigo, na presha pleti yenye mbano mkubwa mno huila bering hiyo, hasa injini inapowashwa asubuhi kabla mafuta hayajafika. Gari lenye klachi nzito, basi, liwashwe likiwa halina gia, bila kukanyaga pedali, pale mfumo wake unaporuhusu.

Presha pleti zilizotumika katika magari haya ni za aina tatu. Ile ya Borg & Beck ina springi za mviringo na vidole vitatu vipana, ile ya Long ina vidole vitatu vyembamba vyenye uzito nchani ambao huongeza mbano kadiri mzunguko unavyopanda, na ya tatu hutumia springi moja ya kiwambo, yaani bamba la feleji lenye umbo la sahani lililochanwa kuwa vidole vingi. Aina ya Long ilipendwa na wakimbiaji kwa kuwa mbano wake wa awali ni mdogo na hukua na kasi, lakini kwa sababu hiyohiyo pedali yake huwa nzito dereva anapotaka kubadilisha gia injini ikiwa juu, yaani wakati anapohitaji wepesi kuliko wakati wowote. Kiwambo kina pedali nyepesi, hukaa katika mizani nzuri, na mbano wake haupungui bitana zinapoanza kuchakaa. Vile vya zamani vilikuwa na aibu ya kuiacha pedali ikinasa chini kwenye mzunguko wa juu sana, lakini vya kisasa vimeboreshwa, na kwa gari litakaloonja barabara za mjini hakuna sababu ya maana ya kuchagua kingine.

Bitana ndizo huamua tabia ya gari kila siku. Bitana za kawaida, ambazo huundwa kwa nyuzi zilizofungwa kwa gundi ngumu na mara nyingi kuchanganywa na nyaya za shaba, huondoa gari kwa ulaini, haziuli uso wa flaiwili, na hudumu maisha marefu mradi zisichemshwe. Zikichemshwa hutoa harufu kali, hung'aa kama kioo, na msuguano wake haurudi tena ulivyokuwa. Bitana za nyuzi za Kevlar huvumilia zaidi joto na huchakaa polepole, lakini huhitaji kipindi kirefu cha kuzoezwa na hazipendi kuteswa kabla kipindi hicho hakijaisha. Vibao vya seramiki iliyochanganywa na unga wa metali, ambavyo hupangwa vitatu, vinne au sita kwenye pleti badala ya duara kamili, huhimili joto ambalo lingeziunguza bitana za kawaida, ila huuma kwa ghafla, hulifanya gari litetemeke linapoondoka, na huikwangua flaiwili. Vibao vya chuma kilichoshindiliwa na kuokwa ni vya uwanjani tu na hutaka uso wa feleji. Wapo wanaonunua vibao vya seramiki kwa ajili ya gari la kutembelea Jumapili kwa imani kwamba kilicho kikali kinadumu zaidi. Matokeo yake ni kwamba dereva hujikuta akiitelezesha klachi kwa makusudi ili gari lisiruke kwenye foleni, na kwa kufanya hivyo huichakaza mapema kuliko ambavyo bitana za kawaida zingechakaa. Kwa gari la barabarani, kitovu cha pleti kiwe chenye springi ndogo za kupokea mtikisiko, na bitana zikae juu ya vibati vya mawimbi vinavyolainisha mbano, kwani pleti isiyo na vitu hivyo hupitisha kila mpigo wa injini mpaka kwenye meno ya giaboksi.

Msokoto unapopita kiwango ambacho pleti moja yenye bitana za kistaarabu inaweza kukibeba, klachi ya pleti mbili ndiyo jibu sahihi kuliko kuendelea kukaza springi na kukoleza bitana. Pleti mbili huleta nyuso nne, hivyo kwa mbano uleule na bitana zilezile uwezo huwa maradufu, na mguu wa dereva hausikii tofauti kubwa. Hupiga kelele kidogo pedali ikiwa chini, na bei yake huumiza, lakini kwa injini ya newtoni-mita 800 au zaidi inayotakiwa kuendeshwa mjini, fedha hiyo haijapotea.

Flaiwili yataka mjadala mrefu zaidi, kwa kuwa kuhusu uzito wake husemwa mengi yasiyo na hesabu. Inachokifanya hutokana na inesha, yaani ukaidi wa kitu kinachozunguka dhidi ya kuongezwa au kupunguzwa kasi. Flaiwili ya feleji yenye kilo 14 na nusukipenyo cha mita 0.165, ikichukuliwa kuwa duara lenye unene sawa, huhifadhi kilojuli 26 hivi ikiwa mizunguko 5,000 kwa dakika, na ya aluminiamu yenye nusu ya uzito huo huhifadhi nusu ya nishati hiyo. Injini inapoharakisha gari, sehemu ya msokoto wake hutumika kuharakisha flaiwili kwanza, na mzigo huo huhisiwa kwa kipimo cha mraba wa uwiano wa gia. Katika gari lenye gia ya kwanza ya 2.52, difu ya 3.73 na gurudumu la nusukipenyo cha mita 0.33, kupunguza kilo 7 za flaiwili ni sawa na kulipunguzia gari lote kilo 77 likiwa katika gia ya kwanza, lakini katika gia ya nne yenye uwiano wa moja kwa moja faida hushuka hadi kilo 12 tu. Ndiyo maana flaiwili nyepesi husifiwa sana katika viwanja vya kona nyingi, ambako gia za chini hutumika muda wote, na ndiyo maana pia haimsaidii sana anayekwenda kasi kwenye barabara kuu.

Faida hiyo ina upande wake wa pili. Gari la misuli lenye tani moja na nusu au zaidi huondoka kwa msaada wa nishati iliyomo katika flaiwili, na flaiwili ikiwa nyepesi dereva hulazimika kupandisha mzunguko wa injini au kuitelezesha klachi kwa muda mrefu zaidi. Injini yenye kemshafti kali, ambayo hata ikiachwa bila kukanyagiwa mafuta huzunguka kwa kusitasita, huzimika kwa urahisi zaidi flaiwili inapokuwa nyepesi. Uwiano wa difu nao huingia katika hesabu kwa nguvu isiyotarajiwa na wengi. Dereva akishikilia injini kwenye mizunguko 3,000 mpaka klachi ishike kabisa, joto linalozalishwa ndani ya klachi hulingana takriban na nishati ya mwendo ambayo gari limeipata. Kwa gari la kilo 1,700 lenye difu ya 3.73 joto hilo ni kilojuli 103 hivi, na kwa gari hilohilo likiwa na difu ya 3.08 hufikia kilojuli 152 hivi, kwa kuwa gari lazima lifike kasi kubwa zaidi kabla klachi haijashika. Mwenye difu ndefu ya safari, kwa hiyo, huichosha klachi yake karibu mara moja na nusu katika kila kuondoka, naye ana haja ya flaiwili nzito na bitana bora zaidi, hata kama injini yake ni dhaifu kuliko ya jirani yake.

Kuhusu madini, flaiwili ya kiwandani ya chuma cha kusubu inafaa kwa gari lililoachwa kama lilivyozaliwa, lakini haifai kabisa kwa injini iliyoongezwa mzunguko. Chuma hicho hupata nyufa za joto, na flaiwili yenye ufa inaweza kupasuka ikiwa katika kasi, vipande vyake vikatoboa sakafu ya gari mahali ilipo miguu ya dereva. Kwamba vyuma vinavyozunguka vinaweza kumjeruhi dereva vibaya hivyo si jambo la kubuni: Don Garlits, mmoja wa madereva mashuhuri wa mbio za mita mia nne, alipoteza sehemu ya mguu wake wa kulia mwaka 1970 katika uwanja wa Lions huko California wakati giaboksi ya gari lake ilipopasuka, na ajali hiyo ndiyo iliyomsukuma kujenga gari la mbio lenye injini nyuma ya dereva. Flaiwili ya feleji iliyochongwa kutoka kipande kimoja, au ya aluminiamu yenye bamba la feleji kwenye uso wa msuguano, ikiwa na alama ya SFI 1.1, ambayo ni kipimo cha usalama cha vifaa vya mbio, ndiyo inayostahili kununuliwa. Kwa gari litakaloingia uwanjani kuongeza hauzingi ya feleji yenye alama ya SFI 6.1, ambayo huufunika mfumo mzima wa klachi, ni wajibu, na ununuzi wake utangulie ule wa vifaa vya kuongeza nguvu.

Kutolingana kwa vifaa huharibu kazi nyingi. Injini nyingine husawazishwa ndani yake zenyewe, na nyingine hutegemea uzito uliowekwa upande mmoja wa flaiwili. Chevrolet ya inchi za ujazo 400 na ya 454 ni za aina ya pili, wakati 350 ya kabla ya mwaka 1986 ni ya aina ya kwanza. Ford ya 302 ya zamani hutaka uzito wa aunsi-inchi 28, na ya miaka ya themanini hutaka 50. Ikifungwa flaiwili isiyo yake, injini hutetemeka mpaka bering ziharibike. Meno ya stata nayo yahesabiwe: flaiwili ya Chevrolet yenye meno 153 huchukua klachi ya inchi 10.5, ya meno 168 huchukua ya inchi 11, na stata ya moja haifungiki sawasawa na ya nyingine. Klachi pleti nayo lazima iwe na meno ya ndani yanayolingana na shafti ya giaboksi, kwani hata giaboksi moja ya Muncie ilitoka kiwandani ikiwa na shafti ya meno 10 na baadaye ya meno 26.

Wakati wa kufunga, fundi apime kwa saa ya kupimia kama tundu la hauzingi limekaa katikati ya krenkshafti. Likipotoka zaidi ya inchi 0.005, yaani milimita 0.13, giaboksi itakuwa ngumu kuingia gia na bering zake zitakufa mapema, na wengi huilaumu klachi kwa kosa hilo. Uso wa flaiwili ya zamani uchongwe upya, usiguswe kwa mikono yenye grisi, na boliti zikazwe kwa zamu ya kuvuka, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo. Vumbi la klachi kuukuu lisipulizwe kwa hewa, kwa sababu bitana za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huua mapafu baada ya miaka mingi. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Kilomita 800 za kwanza ziendeshwe mjini kwa kuondoka na kusimama mara nyingi bila kukaza injini, kwa kuwa mwendo mrefu wa barabara kuu hauzoezi bitana hata kidogo.

Kwa gari la misuli lenye msokoto usiozidi newtoni-mita 650, linalotembea barabarani na kuonja uwanja mara chache kwa mwaka, chaguo linalostahili ni klachi ya inchi 11 yenye springi ya kiwambo, bitana za kawaida za daraja la juu, pleti ya kitovu chenye springi, na flaiwili ya feleji ya kilo 13 au 14 yenye alama ya SFI. Mwenye gari jepesi lenye difu fupi na mbio za kona nyingi achukue aluminiamu. Mwenye msokoto mkubwa zaidi aende kwenye pleti mbili. Na wote, kabla ya kutoa fedha, wamtake muuzaji aseme kwa tarakimu mbano wa presha pleti na kizigeu cha bitana, na asiyeweza kuvitaja asinunuliwe.